Sukari ya Damu kwa Mtoto Mahututi

Mtoto wa kilo 10, wa umri wa mwaka mmoja hivi, ana damu ya takriban mililita 800. Sukari iliyomo katika damu hiyo yote, akiwa mzima wa afya, haifiki gramu moja. Ikikaushwa haijazi hata robo ya kijiko cha chai.

Sukari hiyo ni glukosi, zao la mwisho la wanga wa ugali, uji au viazi baada ya kumeng'enywa. Hupimwa kwa milimoli katika kila lita ya damu, na mtoto mzima ambaye hajala kwa saa chache huwa na kati ya 4 na 6 hivi.

Mwili hauachi kuitumia. Mtoto wa kilo 10 hutumia gramu 3 hadi 4 kwa saa, hata akiwa usingizini, na sehemu kubwa huchukuliwa na ubongo. Maana yake, kila robo saa hivi hutumika glukosi yenye uzito sawa na ile yote iliyomo kwenye damu, nayo lazima irudishwe.

Kinachoirudisha ni ini. Ini ni ghala: huweka akiba ya glukosi iliyounganishwa pamoja, iitwayo glaikojeni. Ghala la mtoto ni dogo. Akikaa nusu siku bila kula, akiba hupungua sana, na ini hulazimika kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vingine, kama protini za misuli.

Sasa tumchukue mtoto wa Puge, wilayani Nzega mkoani Tabora, msimu wa mvua. Ameamka na homa, amekataa uji, anatapika. Homa yenyewe huongeza matumizi. Vimelea vya malaria ndani ya chembe nyekundu za damu navyo hula glukosi. Na ini, likielemewa na ugonjwa, hushindwa kutengeneza mpya. Ubongo unapokosa glukosi, mtoto hulegea, hupoteza fahamu au hushikwa na degedege. Sehemu nyingi za Tanzania iko imani kwamba mtoto wa degedege asichomwe sindano. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu degedege inaweza kutokana na malaria iliyopanda kichwani, au na upungufu wa sukari, au vyote viwili, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha. Tone la damu kidoleni na kipimo cha sukari hutoa jibu kwa sekunde chache.

Utafiti wa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha uzito wa jambo hili: kati ya watoto waliolazwa wakiwa na sukari chini ya 2.2, karibu 20 katika kila 100 walifariki. Kwa wenye sukari ya kawaida, karibu 4.

Tiba huanza sukari ikiwa chini ya 2.5, au chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali. Hupewa kwenye mshipa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Mshipa usipopatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji huwekwa chini ya ulimi, huku safari ya hospitali ya Ndala au ya Nzega mjini ikiendelea. (Asali ya Tabora, pamoja na sifa zake zote, isitumike badala ya sukari hiyo kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.) Kisha sukari ya damu hupimwa tena baada ya nusu saa, kwani inaweza kushuka upya, hasa kwa anayetibiwa kwa kwinini, ambayo huchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari.

Upande wa pili ni sukari kupanda. Homoni za mwili ulio taabani huliamuru ini kumwaga glukosi, na insulini hupungukiwa nguvu. Kule Kilifi, kati ya waliozidi 10, karibu 14 katika kila 100 walifariki. Je, ishushwe kwa insulini? Utafiti wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 2009 ulitia moyo, lakini ule wa Marekani wa mwaka 2017 haukuona faida kwa watoto mahututi, na sukari ilishuka mno kwa wengi zaidi. Kwa hiyo kwa kawaida hutibiwa ugonjwa wenyewe, na sukari huangaliwa tu. Tofauti ni mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu, anayehema kwa kina: huyo huenda ana kisukari, na bila insulini hataishi.