Mishipa Iliyovimba Miguuni

Ndani ya veni za miguu mna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu hutuama, na mishipa huvimba na kujipinda. Vijishipa vyembamba kama utando wa buibui kwa kawaida havina madhara.

Ufanye nini? Tembea kila siku. Ukipumzika, inua miguu. Asubuhi funga bendeji ya kuvutika, usiku ivue. Mwenye kisukari amwone daktari kwanza.

Hospitalini mshipa huweza kuchomwa sindano ya dawa ya kuuziba, kuzibwa kwa joto, au kuondolewa kwa upasuaji.

Usichanje! Mshipa ukipasuka, damu nyingi hutoka. Lala, inua mguu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10, kisha upelekwe hospitali.