Saa ya Kulisha Ndiyo Saa ya Lugha: Mwongozo wa Kumhudumia Mtoto Njiti Wodini

Mtoto akiwa tumboni humeza maji ya uzazi na kusikia sauti ya mama yake. Kumeza huanza mapema. Usikivu huanza kufanya kazi karibu na wiki ya 25 ya mimba. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37, yaani mtoto njiti, hukatishwa mafunzo hayo mawili yakiwa hayajakamilika. Yaliyobaki hukamilishwa wodini, mikononi mwa wauguzi, kati ya kengele za mashine na mwanga wa taa. Mwongozo huu unawahusu wauguzi, matabibu na wahudumu wa wodi za watoto wachanga, na msimamo wake ni mmoja: kulisha na kukuza lugha ni kazi moja, inayofanyika kwa saa ileile na kwa mtu yuleyule. Mtoto anayelishwa kimya kimya, mama akisubiri nje ya mlango, amepewa nusu ya huduma.

Msingi wa yote ni mama kuwepo. Utaratibu wa kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, unaojulikana kama kangaruu, ulianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyoelemewa na watoto kuliko vifaa. Kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa mbadala wa inkubeta kwa wasio na inkubeta, na tena kwa mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Fikra hiyo imepitwa na wakati. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Walioanzishiwa kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kutulia, walikufa wachache zaidi kwa takriban robo katika siku 28 za mwanzo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Pendekezo hilo halitekelezeki katika wodi ambayo mama huitwa kila baada ya saa tatu, hulisha haraka, kisha hurudishwa wodi ya wazazi. Mama wa mtoto njiti hahesabiwi miongoni mwa wageni, na saa za kutazama wagonjwa hazimhusu. Kiongozi wa wodi anao wajibu wa kumtafutia kiti chenye mgongo, kanga au kitambaa cha kufungia mtoto, na nafasi ya kulala karibu. Palipo na uhaba wa nafasi, jambo la kwanza kuangaliwa liwe kama nafasi iliyopo imepangwa kwa ajili ya mama au kwa ajili ya makabati.

Kukamua maziwa kuanze ndani ya saa chache za kwanza baada ya kujifungua, na kurudiwe angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Wengi huacha usiku kwa kumhurumia mama aliyechoka. Matokeo yake maziwa hupungua katika wiki ya pili, wakati mtoto ndiyo kwanza anaanza kuhitaji kiasi kikubwa. Dang'a, hata kama ni matone machache tu ya manjano, lisimwagwe. Matone hayo hupakwa ndani ya mashavu ya mtoto hata kabla hajaruhusiwa kulishwa, na mkono wa kuyapaka uwe wa mama mwenyewe baada ya kunawa na kuelekezwa. Hiyo ndiyo ladha ya kwanza, na ndiyo kazi ya kwanza ambayo mama mwenye hofu anaweza kuifanya kwa mafanikio.

Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 32 hadi 34. Kabla ya hapo maziwa hupita kwenye mpira wa kulishia. Urefu wa mpira hupimwa upya kwa kila mtoto: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu hakutoshi peke yake kuthibitisha kwamba mpira uko tumboni. Majimaji yanayovutwa yapimwe uasidi, na alama iliyowekwa kwenye mpira pale mdomoni ikaguliwe kabla ya kila mlo. Maziwa yashuke yenyewe kutoka kwenye bomba lililoinuliwa. Kuyasukuma ili kuokoa dakika ni kosa la kitaaluma. Hesabu nayo iandikwe wazi: mtoto wa gramu 1,300 aliyefikia mililita 150 kwa kilo kwa siku anahitaji mililita 195, yaani takriban 24 kila baada ya saa tatu. Tumbo likivimba, matapishi yakiwa ya kijani au kukiwa na damu kwenye kinyesi, kulisha kusitishwe na daktari aitwe papo hapo, kwa kuwa hizo zinaweza kuwa dalili za uharibifu wa utumbo.

Mlo mmoja wa namna hiyo, ukitazamwa kwa karibu, hueleza mengi. Mtoto yuko kifuani, kichwa chini ya kidevu cha mama, kofia ya sufi imemfika kwenye nyusi. Mama ameshakamua, na ziwa lililopungua maziwa liko karibu na midomo. Muuguzi ameinua bomba kiasi cha shubiri moja juu ya mtoto. Maziwa yanaanza kushuka, na mtoto anasogeza mkono mdomoni, anatoa ulimi, analamba chuchu. Mama anamwita kwa jina la babu yake, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Mtoto anafumbua jicho moja. Ghafla vidole vinapanuka kama nyota, anapata kwikwi, rangi ya kuzunguka mdomo inafifia. Muuguzi anashusha bomba hadi maziwa yasimame. Mama ananyamaza, anaweka kiganja kizima mgongoni pa mtoto na kusubiri. Baada ya muda vidole vinakunjika, na mlo unaendelea.

Hapo hapakupotea wakati. Mtoto anayelamba au kunyonya ziwa huku maziwa yakipita kwenye mpira hufikia mapema zaidi hatua ya kula kwa mdomo, na ameanza kuunganisha ladha, harufu, shibe na sauti ya mama. Vilevile mtoto alisema jambo, akasikilizwa. Vidole vilivyopanuka, kupiga miayo, kugeuza uso na kukunja kipaji ndiyo msamiati wake kwa sasa. Mtu mzima anayesimama anapoambiwa simama humfundisha kwamba ishara ina maana na huleta jibu, na lugha yote hujengwa juu ya hilo. Kwa sababu hiyo mlo huongozwa na ishara za mtoto; saa ya ukutani hukumbusha tu kwamba wakati wa kumtazama umefika. Kumlazimisha mtoto amalize mililita zilizobaki huku akijipinda humfundisha kuogopa kula, na woga huo huweza kumfuata hadi nyumbani.

Akianza kula kwa mdomo, kikombe kidogo hutumika mama asipokuwepo au mtoto asipoweza bado kulivuta ziwa. Mtoto huketishwa karibu wima, ukingo wa kikombe huwekwa kwenye mdomo wa chini, na maziwa huachwa yaguse midomo tu ili ayarambe mwenyewe. Maziwa hayamiminwi kinywani kamwe.

Kuhusu sauti, ushahidi upo. Katika hospitali moja ya Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, daktari Betty Vohr na wenzake waliwawekea watoto njiti vinasa sauti wakiwa na umri wa mimba wa wiki 32, na tena wiki 36. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto hao walikuwa tayari wakitoa sauti zao wakiwa na wiki 32, na walijibizana zaidi wazazi walipokuwepo. Ripoti iliyofuata mwaka 2014 ilionyesha kwamba waliosikia maneno mengi zaidi ya watu wazima wakiwa wodini walipata alama za juu zaidi za lugha walipopimwa wakiwa na miezi 18. Inkubeta haizungumzi, na redio iliyowashwa pembeni haimjibu mtu.

Sauti inayofaa ni ya chini, karibu na sikio, ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, yenye vituo vya kumsubiri mtoto. Kwa aliye chini ya wiki 32, maneno machache na kiganja kilichotulia vinatosha. Kumpapasa, kumwimbia na kumtazama machoni kwa pamoja humchosha. Lugha iwe ile ambayo mama huiota. Mama anayezungumza Kihaya, Kigiriama au Kimakonde asiagizwe kutumia Kiswahili cha kusomewa ili aonekane wa kisasa. Mahadhi ya lugha yake ndiyo ambayo mtoto alikwisha kuyazoea tumboni. Asiyejua aseme nini aelekezwe kusimulia anachofanya, kutaja majina ya ndugu, kusoma dua au kuimba bembea alizoimbiwa. Baba na bibi nao wana sauti, na taratibu za wodi ziwape nafasi.

Kelele ni jambo jingine. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 1997 kwamba sauti wodini isizidi desibeli 45. Kiwango hicho huvunjwa kwa kubamiza mlango wa inkubeta, kuweka chati juu yake, kuacha kengele ilie bila kujibiwa na kupiga soga za zamu juu ya kichwa cha mtoto. Haya yote hurekebishika bila bajeti.

Zipo pia haki ambazo mtumishi hana mamlaka ya kuzipuuza. Mama aelezwe kabla ya mpira kuingizwa na kabla ya maziwa ya kopo kutolewa, tena kwa lugha anayoielewa. Zawadi na vipeperushi vya watengenezaji wa maziwa hayo havina nafasi wodini. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 inakataza, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Mama asiyepata maziwa ya kutosha asisimangwe, kwa sababu fedheha hukausha juhudi za aliyekuwa bado anajaribu. Maziwa ya mama mwingine yasitolewe kienyeji kutoka kitanda hadi kitanda, kwa kuwa virusi vya UKIMWI hupita humo. Pale penye benki ya maziwa, kama ile iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, ridhaa itafutwe mapema, na familia za Kiislamu zipewe nafasi ya kuuliza kuhusu undugu wa kunyonya. Swali hilo lina uzito wa kisheria katika dini yao na linastahili jibu la heshima. Tanzania Bara, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea mfanyakazi aliyejifungua njiti likizo ya muda uliobaki kufikia wiki 40. Asipoambiwa, hawezi kudai. Barua yenye idadi ya wiki iandaliwe wodini.

Kisichoandikwa husahauliwa zamu inapobadilika. Mbali na mililita, chati ionyeshe nani alilisha, ishara gani zilionekana, mtoto alilamba ziwa kwa dakika ngapi na nani alizungumza naye. Safu hiyo ikibaki tupu siku mbili mfululizo, muuguzi wa zamu amtafute mama na kujua kinachomzuia: nauli, mshono unaouma, watoto wengine nyumbani au hofu tu.

Kabla ya kuruhusiwa, mama afundishwe umri uliorekebishwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia kwa wiki 8. Akifikisha miezi 6 ya kalenda, apimwe kama wa miezi 4. Asiyeanza kubwabwaja silabi anapofikisha miezi 10 ya umri huo apelekwe kwa wataalamu bila kuambiwa asubiri. Mtoto njiti huwa katika hatari zaidi ya kupoteza usikivu, hasa aliyepata manjano makali au aliyetumia gentamisini kwa muda mrefu. Usikivu wake upimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Tarehe ya kipimo hicho iandikwe kwenye kadi ya kliniki, isomwe kwa sauti mbele ya mama, ndipo mtoto akabidhiwe.