Maendeleo ya Kitaaluma na Utendakazi wa Mhadhiri: Je, Shahada Yatosha?

Utangulizi

Makala haya yananuia kujadili uhusiano uliopo baina ya maendeleo ya kitaaluma na utendakazi wa wahadhiri katika vyuo vikuu vya Kenya. Hoja kuu ni kwamba maendeleo yanayopimwa kwa shahada na machapisho pekee huiweka kando kazi inayomgusa mwanafunzi moja kwa moja, yaani ufundishaji.

Shahada na Ufundishaji

Mwaka wa 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo wahadhiri. Vigezo hivyo vilimtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na waliokuwa na uzamili wakapewa miaka 5 kuipata. Nia ilikuwa njema, kwani asiyetafiti hukariri ya wenzake. Hata hivyo, masomo ya uzamifu humwandaa mtu kutafiti, si kufundisha. La kushangaza ni kwamba mwalimu wa shule ya upili hasajiliwi na Tume ya Kuwaajiri Walimu pasipo mafunzo ya ualimu, ilhali mhadhiri aweza kuingia ukumbini bila mafunzo hayo.

Tuchukue mfano wa somo la mofolojia. Mhadhiri anaandika ubaoni neno 'hawajapikiana', analichanganua kuwa ha-wa-ja-pik-i-an-a, kisha wanafunzi wananakili. Katika mtihani, wengi wanaliandika 'hawa' kama mofimu moja. Kosa hili lingegunduliwa mapema iwapo wanafunzi wangepewa neno hilo walichanganue wawili wawili, naye mhadhiri apite akiwasikiliza. Mhadhiri huyo hana upungufu wa maarifa ya isimu. Alichokosa ni mbinu ya kutambua mwanafunzi amekwama wapi.

Mapendekezo

Kwanza, kila mhadhiri mpya apewe mafunzo ya ufundishaji na utahini kabla ya kukabidhiwa darasa. Pili, wahadhiri watembeleane madarasani ili kufaana kwa ushauri, si kuviziana. Tatu, maoni ya wanafunzi yakusanywe katikati ya muhula, wakati ambapo marekebisho bado yanawezekana. Yakikusanywa mwishoni, aliyeyatoa hanufaiki nayo. Aidha, juhudi hizi zitambuliwe wakati wa kupandisha vyeo. Vinginevyo, mhadhiri atajitolea pale tu panapolipa.

Hitimisho

Ni bayana kwamba shahada ni nguzo muhimu, lakini nguzo moja haisimamishi nyumba. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka wa 2029. Hao wamezoea kutenda, si kunakili tu. Vyuo visipowaandaa wahadhiri sasa, vitawapokea wanafunzi hao kwa mbinu za jana.