Utando Mweupe Mdomoni mwa Mtoto Si Maziwa

Ndugu mkulima, mahindi yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka huota kuvu. Mwili wa mtu nao una kuvu yake, jamaa ya hamira iumuayo unga wa maandazi. Jina lake ni Kandida. Hukaa mdomoni, matumboni na ukeni mwa watu wengi bila kuwadhuru, lakini ikipata nafasi huzidi na kuleta ugonjwa.

Dalili zake. Ulimi na mashavu ya mtoto mchanga kwa ndani huwa na mabaka meupe. Maziwa ukiyafuta kwa kitambaa safi hutoka. Mabaka haya hayatoki upesi, na chini yake huwa pekundu. Usiyakwangue, kwa maana hutoa damu. Mtoto huweza kulia anyonyapo, na chuchu za mama kuuma.

Mwanamke huwashwa sana sehemu za siri na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Hili si jambo la aibu, wala si ushahidi wa uzinzi. Bwana asimshtaki mkewe, ampeleke zahanati.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI, na waliotumia antibiotiki. Antibiotiki haziui kuvu. Huua bakteria, hata wale wema wanaoizuia kuvu isienee. Basi kumeza vidonge vilivyobaki nyumbani, au kutumia dawa ya kiwele cha ng'ombe, ni sawa na kung'oa mahindi na kuacha magugu.

Jinsi ya kupima. Kwa mtoto, mara nyingi mganga akitazama mdomo hutambua. Kwa mwanamke huchukua ute kwa pamba, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Kuvu huonekana kama punje zinazochipua, pamoja na nyuzi. Kipimo hiki kina faida, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayowasha, na dawa zake ni nyingine.

Dawa. Mtoto hupewa matone ya nistatini. Dawa hii ina asili ya shambani: Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa Marekani waliipata katika viini vya udongo wa shamba la ng'ombe wa maziwa huko Virginia, wakaitangaza mwaka 1950. Chuchu za mama zikiuma, watibiwe wote wawili, wasije wakaambukizana tena. Mwanamke hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni. Mjamzito asimeze vidonge vya flukonazoli bila amri ya daktari. Dawa imalizwe kama ilivyoagizwa, hata kama dalili zimekwisha.

Mtoto akikataa kunyonya, apelekwe siku ile ile. Mtu mzima mwenye utando mdomoni, au mwanamke ambaye ugonjwa humrudia mara kwa mara, apimwe sukari na virusi vya UKIMWI, kwani huenda kuvu ni dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Maswali ya somo, mume na mke wajibizane:
1. Utajuaje kwamba weupe mdomoni mwa mtoto si maziwa?
2. Kwa nini antibiotiki zaweza kuzidisha ugonjwa huu?
3. Mama na mtoto hutibiwa pamoja wakati gani, na kwa nini?