Redio ya Ubalozi na Redio ya Upepo ya Mtumbwi

Wapo wanaodhani kwamba ubalozi, kwa kinga ulizo nazo, hurusha mawasiliano ya redio upendavyo. Sivyo. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 inaupa ubalozi uhuru wa kuwasiliana na serikali yake, hata kwa lugha ya siri. Lakini mtambo wa kurushia mawimbi hauwekwi wala hautumiki bila ridhaa ya nchi mwenyeji. Ndiyo maana serikali hupeana ruhusa. Mwaka 1962 Marekani ilirekebisha sheria yake ili balozi za kigeni mjini Washington ziweze kuruhusiwa mitambo hiyo, kwa sharti kwamba nchi zao nazo ziziruhusu balozi za Marekani vivyo hivyo.

Tunautoa mfano huu kwa sababu ya redio za upepo zinazonunuliwa Uganda na kuvushwa Mutukula hadi Bukoba na Muleba. Muuzaji husema ina kibali. Huenda kweli inacho, ila ni cha Uganda. Mawimbi ya redio hayasimami mpakani (na juu ya maji huenda mbali zaidi), kibali husimama. Msafirishaji wa Kemondo au mvuvi wa Goziba anayeitumia bila leseni ya TCRA anavunja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anaweza kuvuruga masafa yanayotegemewa na waokoaji. Mtumiaji, kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kifaa kimeidhinishwa nchini, kisha omba leseni ya masafa. Redio ya kusikilizia taarifa ya habari haihusiki.