Mbona plasta iko kwenye jicho linaloona?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka mitano ana makengeza, jicho la kushoto. Kliniki ya macho wamempa miwani, wakasema jicho la kulia, lile linaloona vizuri, niwe naliziba kwa plasta saa kadhaa kila siku. Mtoto analia, anajikwaa, na bibi yake anasema namtesa bure, makengeza huisha akikua. Nifanyeje? – Mama Neema, Morogoro

JIBU: Mama Neema, usiache plasta. Shikamoo nyingi kwa bibi, lakini hapo amekosea.

Jicho la kushoto lenyewe huenda ni zima kabisa. Shida iko kisogoni. Jicho hupokea mwanga tu, neva ikapeleka habari nyuma ya ubongo, kwenye seli zinazounda picha. Na seli hizo huchagua kazi. Mwaka 1958, huko Baltimore, Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walichomeka waya mwembamba kwenye ubongo wa paka aliyepewa dawa ya usingizi, wakammulikia vidoa kwa vioo vya slaidi. Seli ikanyamaza saa nzima nzima. Mara ikatatarika kwenye spika iliyounganishwa na waya ule: ukingo wa kioo cha slaidi, kiliposogezwa, ulikuwa umetupa kivuli chembamba. Kumbe seli ile ilitaka mstari, tena ulioinama kwa pembe yake, ukigeuzwa, kimya.

Linalokuhusu hasa ni walichofanya baadaye. Walishona kope za jicho moja la kitoto cha paka kwa miezi mitatu ya mwanzo. (Inaumiza kusoma, najua.) Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, ila karibu seli zote za kisogoni zilikuwa zikilijibu lile la pili tu. Paka mkubwa alipozibwa jicho, seli zake hazikubadilika. Hubel na Wiesel walipata Nobel mwaka 1981.

Kwa mwenye makengeza, macho hupeleka picha mbili zisizolingana, na ubongo wa mtoto huamua kuipuuza moja. Plasta huulazimisha usikilize jicho lililosahaulika, na husaidia zaidi kabla ya miaka saba au nane.

Kwa hiyo mbandike saa zilezile ulizoelekezwa, usizidishe, maana hata jicho zuri laweza kudhoofika. Mpe wakati huo kazi ya kuchora au kuchambua mchele. Tarehe ya kurudi kliniki usiikose.

Na mzazi yeyote anayeona weupe ndani ya mboni ya mwanawe asingoje plasta wala miwani: ampeleke hospitali leo.