Uchaguzi wa Serikali za Mitaa na Ulinzi wa Ardhi ya Kijiji

Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinaagiza kuwepo kwa vyombo vya serikali za mitaa na kueleza kuwa madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Pamoja na agizo hilo, wapigakura wengi huuona uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa kuwa ni mdogo ukilinganishwa na ule wa rais na wabunge, mtazamo ambao sheria za ardhi hazikubaliani nao hata kidogo.

Kwa mujibu wa sheria ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio chombo chenye mamlaka ya juu katika masuala yote ya sera ya kijiji. Utekelezaji umekabidhiwa Halmashauri ya Kijiji, yaani baraza la wajumbe 15 hadi 25 linaloongozwa na mwenyekiti aliyechaguliwa, ambamo wenyeviti wa vitongoji huingia kwa wadhifa wao. Mtendaji wa kijiji hapigiwi kura, kwa kuwa ni mwajiriwa, na kwa hiyo hana ridhaa ya wakazi ya kuamua badala yao.

Uzito wa kura ya kijiji huonekana wazi zaidi katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaitaka halmashauri isimamie ardhi kama mdhamini, yaani mtu anayetunza mali kwa manufaa ya wengine pasipo kuimiliki, na inaizuia kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila kabla ya Mkutano Mkuu kuridhia, hivyo kwamba mwekezaji aliyepewa shamba kwa saini za viongozi pekee anashikilia karatasi inayoweza kupingwa. Serikali inapokusudia kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu wenyewe, unaoweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Ulinzi huu una tundu moja kubwa: anayeitisha mkutano na kuuongoza ni mwenyekiti, na mwenyekiti asiyeitisha mkutano wa kawaida wa kila miezi mitatu huwanyima wakazi mahali pa kusema hapana, hata kama hakuna kifungu kimoja cha sheria kilichofutwa.

Mjini mamlaka ya mwenyekiti wa mtaa ni finyu kuliko ya mwenyekiti wa kijiji, ingawa barua yake ya utambulisho huombwa na anayetafuta kitambulisho cha taifa na hata na anayetaka kumdhamini ndugu aliyeshikiliwa polisi.

Kwamba serikali za mitaa zinaweza kutoweka si jambo la kubuni, kwa maana mamlaka za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na zilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya karibuni hatari imechukua sura nyingine. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, mara nyingi kwa madai ya kukosea kujaza fomu, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 Chama cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi katika kila ngazi. Pale jina linapobaki moja kwenye orodha, haki ya kuchagua huwa imekwisha kupotea kabla ya siku ya kura. Aidha, ingawa sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliitaja tume hiyo kuhusiana na uchaguzi huu, usimamizi ulibaki kwa wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) iliyo chini ya Ofisi ya Rais, yaani serikali ambayo chama chake nacho kilikuwa kinashindana.

Mpigakura anapaswa kufahamu kwamba orodha ya uchaguzi huu ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kwa hiyo mwenye kadi ya kupigia kura ambaye hakujiandikisha upya katika kitongoji au mtaa anaoishi hatapiga kura. Mwaka 2024 uandikishaji ulidumu kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba tu. Mgombea anatakiwa awe ametimiza miaka 21 na adhaminiwe na chama cha siasa, sharti lililobaki licha ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuzuia wagombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika. Aliyeenguliwa huwasilisha pingamizi kwa msimamizi msaidizi, kisha rufani kwa Kamati ya Rufani, na matokeo yenyewe hupingwa Mahakama ya Wilaya. Kwa kuwa muda wa hatua hizo ni mfupi, nakala ya fomu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na sababu za kuenguliwa zilizoandikwa zinapaswa kudaiwa siku hiyo hiyo, kwani bila hizo rufani hukosa cha kushikilia.